Goli lilikuwa linasikika mpaka ESMA: Kombe la Dunia la Argentina 1978

Picha ya fainali ya 1978 karibu kila mpenzi wa mpira ameshaiona hata kama hajui ni ya lini: karatasi nyeupe zimetapakaa uwanja mzima, Mario Kempes, mshambuliaji wa Argentina, anakimbia katikati yake na nywele zake ndefu, soksi zimeshuka, mikono kaifungua kama anataka kuukumbatia uwanja wote. Kwa miaka mingi hiyo ndo ilikuwa Argentina 78 yangu, Kempes na karatasi basi. Siku nilipokuja kujua kwamba kutoka pale Monumental, uwanja wa fainali, unaweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye jengo ambalo muda uleule kulikuwa na watu wamefungwa vitambaa usoni na pingu miguuni, na kwamba kelele za goli walikuwa wanazisikia, ile picha haikurudi kuwa kama zamani. Kwahiyo nakiandika hiki kisa toka mwanzo, manake wengi wetu tunakijua vipande vipande, na kile kipande kinachobishaniwa sana, zile goli sita Argentina walizowafunga Peru, kwangu mimi sio hata chenye uzito kuliko vyote.

FIFA waliwapa Argentina uenyeji mwaka 1966, na hata mwaka huo jeshi lilikuwa ndo kwanza limepindua serikali siku chache nyuma, yaani hawa watu mapinduzi walishayazoea. Ila ya 1976 yalikuwa kitu kingine. Tarehe 24 Machi 1976 wanajeshi wakamtoa rais Isabel Perón, wakakaa watatu mezani: Jorge Rafael Videla wa jeshi la nchi kavu, Emilio Massera wa jeshi la majini, Orlando Agosti wa jeshi la anga. Siku ileile redio na tivii vikawa vinatoa matangazo ya jeshi tu, tangazo namba moja, namba mbili, bunge limevunjwa, vyama marufuku, na kadhalika, halafu tangazo namba 23 likasema kuna kipindi kimoja kinaruhusiwa kwenda hewani kama kawaida: mechi ya timu ya taifa huko Poland. Nchi imetekwa asubuhi, mpira unaonyeshwa kama kawaida (wakashinda 2-1). Ukishajua hilo huhitaji mtu akueleze hawa majenerali walikuwa wanauchukuliaje mpira.

Kamati ya maandalizi ikaundwa, EAM 78, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Jenerali Omar Actis, mtu aliyekuwa anataka mashindano ya gharama ya wastani. Agosti 1976 akauawa kwa risasi barabarani akiwa anaelekea kwenye mkutano wake na waandishi wa habari. Serikali ikasema ni waasi, wengine wakanyoosha kidole kwa wanamaji wa Massera, na ubishi huo haujafungwa mpaka leo. Kinachojulikana ni nani alinufaika: kiti kikapewa jenerali mwingine, Merlo, lakini aliyeshika mambo kwelikweli ni Carlos Lacoste, mwanamaji, mtu wa karibu wa Massera. Kuanzia hapo hela zikaanza kutoka kama maji. Viwanja vitatu vipya Córdoba, Mendoza na Mar del Plata, vingine vikakarabatiwa, uwanja wa ndege, barabara, kituo kizima cha televisheni kwa ajili ya kurusha matangazo ya rangi. Hesabu ya wenyewe ilipita dola milioni 500, kwa nchi iliyokuwa na mfumuko wa bei wa kutisha. Na hapo kwenye rangi kuna kitu kimenikaa kichwani: dunia iliona yale mashindano kwa rangi, ila Mwargentina nyumbani kwake aliona nyeupe na nyeusi, manake matangazo ya rangi kwa raia yalikuja kuanza 1980. Kwahiyo yale mabluu na meupe ya jezi yao wenyewe waliyaona wageni.

Kupamba kulienda mpaka mitaani. Vibanda vya maskini karibu na uwanja vikavunjwa, watu wakapakiwa kwenye malori. Rosario wakajenga ukuta kando ya barabara ili mgeni anayepita asione makazi duni yaliyoko nyuma, na wenyeji wakaupa jina, Ukuta wa Umaskini. Wakakodi kampuni ya Kimarekani, Burson-Marsteller, iwasaidie kusafisha sura ya nchi nje. Jarida la michezo la El Gráfico likachapisha barua ikidaiwa ni ya Ruud Krol, nahodha wa Uholanzi, kamwandikia binti yake kwamba asiogope, bunduki za askari wa huku zinatoa maua. Krol alipoiona akasema hajawahi kuandika kitu kama hicho. Ilikuwa imetungwa. Hebu fikiria unamchukua baba wa watu unamuwekea mdomoni maneno kwa mtoto wake mdogo ili kusafisha bunduki, mimi hilo linaniuma kuliko hata ule ukuta.

Sasa kilichokuwa kinafichwa. Toka 1976 watu walikuwa wanachukuliwa nyumbani, kazini, vyuoni, mara nyingi na gari za Ford Falcon zenye watu wasiovaa sare, na wakishachukuliwa hakuna kituo cha polisi kinachokiri kuwa nao. Hapo ndo Kihispania kikapata lile neno, desaparecidos, waliopotezwa. Wala hatuhitaji kamusi kulielewa. Ripoti ya tume ya serikali ya kiraia mwaka 1984 iliorodhesha watu 8,961, na mashirika ya haki za binadamu yanahesabu 30,000. Makambi ya siri yalikuwa mamia, na mojawapo ya makubwa ilikuwa ESMA, chuo cha ufundi cha jeshi la majini, ndani ya Buenos Aires kabisa, kwenye barabara kubwa inayopitwa na magari kila siku. Kama watu 5,000 walipita pale, waliobaki hai ni wachache sana. Wengi walichomwa sindano ya usingizi, wakapandishwa ndege na kutupwa wakiwa hai baharini na kwenye mto Río de la Plata. Na ESMA ndo hiyo ninayosema iko karibu na Monumental.

Waliothubutu kusimama mchana kweupe ni akina mama. Tarehe 30 Aprili 1977 wakakutana wanawake 14 kwenye uwanja wa Plaza de Mayo mbele ya ikulu wakiulizia watoto wao. Polisi wakawaambia mikusanyiko marufuku, hamruhusiwi kusimama hapa, tembeeni. Wakatembea. Wakashikana wawili wawili wakazunguka mnara wa katikati, na hiyo ndo ikawa desturi yao, kila Alhamisi saa tisa na nusu alasiri, kichwani kitambaa cheupe ambacho mwanzoni kilikuwa nepi ya mtoto. Desemba 1977 afisa kijana wa jeshi la majini, Alfredo Astiz, akajipenyeza kwao akijifanya na yeye ndugu yake kapotezwa, na kwa kazi yake hiyo Azucena Villaflor, aliyekuwa kiongozi wao, akachukuliwa pamoja na wenzake na watawa wawili wa Kifaransa. Maiti ya Azucena ilisukumwa na maji ufukweni mwezi uleule, ikazikwa bila jina, ikaja kutambuliwa 2005. Ndani ya miezi sita toka hapo kipyenga cha Kombe la Dunia kikapulizwa.

Wa nje walijua? Walijua. Paris kuliundwa kamati ya kususia, Uholanzi kulikuwa na kampeni, hata kocha wa Ufaransa, Michel Hidalgo, alinusurika kutekwa mwezi Mei na watu waliotaka kuvuta macho ya dunia kwenye hii ishu. Lakini mwisho wa siku zile timu 15 zilizofuzu zote zilikwenda. Watu husema Johan Cruyff, nyota wa Uholanzi, aligoma kwenda kwa sababu ya utawala wa kijeshi, mimi mwenyewe nimewahi kuirudia hiyo stori, ila Cruyff mwaka 2008 alisema sababu ilikuwa jaribio la utekaji nyumbani kwake Barcelona, yeye na familia yake wamewekewa bunduki, akaona mpira sio kitu tena. Na ndani ya Argentina kwenyewe kususia hakukuwa na wafuasi wengi, hata waasi wa Montoneros hawakutaka mashindano yafutwe. Ni rahisi kwa mtu aliyekaa mbali kusema msingecheza. Kwa watu waliokuwa hawaruhusiwi kukusanyika barabarani kwa miaka miwili, mpira ulikuwa ndo kisingizio pekee cha kutoka nje na kupiga kelele.

Juni mosi 1978 ilikuwa Alhamisi. Videla amesimama Monumental anahutubia kuhusu amani, njiwa wanaruka, Ujerumani Magharibi na Poland wanajiandaa kutoka bila bila, na kule Plaza de Mayo akina mama wametoka kwa saa yao kama kawaida. Kamera za Uholanzi zikaenda kwao. Mama mmoja akashika maikrofoni akawa analia na kuomba, nyinyi ndo tumaini letu la mwisho, tusaidieni, na Waholanzi waliokuwa nyumbani wamekaa kusubiri mpira wakaona hilo. Majenerali walilipa mamilioni yote yale ili kamera zije, zikaja, na moja wapo ikageuka upande ambao hawakuukusudia.

Kwenye mpira wenyewe sitakaa sana. Kocha César Luis Menotti alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto anayejulikana, anafanya kazi chini ya serikali inayowaua watu wa mrengo wa kushoto, na alimuacha nje Diego Maradona wa miaka 17, uamuzi ambao Maradona hakuusamehe. Waliwafunga Hungary 2-1, Ufaransa 2-1, wakapigwa 1-0 na Italia, kipigo kilichowatoa Buenos Aires na kuwapeleka Rosario raundi ya pili. Leopoldo Luque alifunga goli la ushindi kwa Ufaransa, akateguka kiwiko, akacheza na maumivu mpaka mwisho, na baada ya mechi akaambiwa kaka yake kafa kwenye ajali ya gari siku hiyohiyo. Akaenda kuzika, akarudi kucheza.

Na kwa sisi Waafrika palepale Rosario kuna kitu kilichotokea ambacho hakitajwi inavyostahili: tarehe 2 Juni Tunisia, wawakilishi pekee wa bara zima, walitanguliwa na Mexico kwa penati wakarudi wakashinda 3-1, ushindi wa kwanza wa Afrika kwenye Kombe la Dunia. Miezi mitatu kabla ya hapo Uganda Cranes walikuwa wamefika fainali ya Afrika kule Accra wakafungwa 2-0 na wenyeji Ghana, mwenyeji anatawaliwa na Jenerali Acheampong na mgeni anatawaliwa na Idi Amin. Nalitaja hilo kwa sababu 1978 kuwekeza urais kwenye mpira halikuwa jambo la Argentina peke yake, na mtu wa Kampala anayewakumbuka akina Phillip Omondi kwa mapenzi anaelewa vizuri kabisa jinsi timu inavyoweza kuwa ya kwako moyoni huku anayepiga nayo picha ni mtu anayeua ndugu zako.

Haya, Peru. Juni 21. Mechi za mwisho za kundi hazikuchezwa muda mmoja, Brazil walimaliza kwanza wakawafunga Poland 3-1, kwahiyo Argentina waliingia uwanjani usiku wakijua kabisa wanatakiwa kushinda kwa goli nne ili wafike fainali. Wakashinda sita. Kipa wa Peru, Ramón Quiroga, alizaliwa hukohuko Rosario. Kabla ya mechi Videla aliingia chumba cha kubadilishia cha Peru akiongozana na Henry Kissinger, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Kumekuwa na madai ya shehena ya nafaka, ya mikopo, ya wafungwa wa kisiasa waliobadilishwa kati ya majeshi mawili (Peru nayo ilikuwa chini ya jeshi), na hakuna kilichothibitishwa kikaisha. Nimeirudia hiyo mechi kuiangalia. Peru waligonga mwamba mapema ikiwa bado bila bila, ila baada ya goli la pili walikufa kabisa. Mimi nasema hivi: hata kama hakuna senti iliyotembea, kiongozi wa nchi anayepoteza watu kuingia kwenye chumba cha wachezaji wakiwa wanavaa viatu ni vitisho tosha, na ratiba ile peke yake ilikuwa dhulma kwa Brazil waliotolewa bila kufungwa mechi hata moja. FIFA walikuja kurekebisha mambo ya muda baada ya mechi ya Ujerumani Magharibi na Austria 1982, ambapo matokeo yaliwavusha wote wawili.

Lakini usiku uleule kuna kitu kingine kilitokea. Juan Alemann, katibu wa hazina, mtu wa serikali hiyohiyo, alikuwa amelalamika hadharani kwamba gharama za mashindano zimepitiliza. Luque alipofunga goli la nne, lile lililokuwa linatakiwa, bomu likalipuka nyumbani kwa Alemann Buenos Aires. Mji mzima unapiga kelele, nani asikie. Ukitaka kujua hilo tamasha lilikuwa la nani, angalia bomu hilo, manake waliokuwa wanalindwa pale sio raia dhidi ya waasi, ni watu na hesabu zao. Lacoste hakuulizwa kitu, mwishoni mwa 1981 akakaimu urais wa nchi kwa siku chache, na FIFA ya rais João Havelange ikampa umakamu wa rais.

Fainali, Juni 25. Karatasi zile zenyewe zina stori: mtangazaji mkubwa wa redio, José María Muñoz, alikuwa anawaambia watu wasirushe, zinachafua, wageni watatuonaje, na mchora katuni Caloi kupitia katuni yake ya Clemente akawa anawaambia rusheni. Watu wakarusha. Sio mapinduzi, ni karatasi tu, ila kwenye nchi ambayo kila kitu kimepangwa na askari watu walichagua kumsikiliza Clemente. Kempes akafunga dakika ya 38, Nanninga wa Uholanzi akasawazisha ya 82, na dakika ya 90 mwenzake Rensenbrink akagonga mwamba. Huwa nafikiria sana ule mwamba. Muda wa nyongeza Kempes akafunga tena kwa kung'ang'ania kama mtu anayepenya kwenye msitu, Bertoni akamalizia, 3-1. Videla akakabidhi kombe kwa nahodha Daniel Passarella. Waholanzi hawakwenda kwenye dhifa ya jioni.

Na ESMA? Walionusurika walikuja kusimulia mahakamani na kwenye mahojiano. Mkuu wa watesaji pale, Jorge Acosta waliyekuwa wanamuita Tigre, aliingia anashangilia, tumeshinda, tumeshinda, akawakumbatia na kuwabusu wafungwa waliokuwa wameteswa na watu wake. Mwanamke mmoja aliyenusurika alisimulia alivyofikiri pale pale kwamba kama huyu ameshinda basi sisi tumeshindwa. Halafu wakawapakia baadhi yao kwenye gari, wakawapeleka mtaani kuona sherehe. Yule mwanamke akaomba atoe kichwa kwenye uwazi wa juu ya gari, akaruhusiwa. Akaona bahari ya watu, wanaimba, wanacheza, bendera kila mahali, na yeye katikati yao, anayetafutwa na mama yake, na akajua kwamba hata akipiga kelele niko hapa, nimepotezwa, hakuna atakayemjali. Akalia. Gari likamrudisha ESMA.

Hapo ndo pananigawanya. Wale watu barabarani sio wabaya. Furaha yao ilikuwa ya kweli, na ingekuwa ya uongo isingekuwa na faida yoyote kwa majenerali. Ndo maana siwezi kuwabebesha mzigo mashabiki wala wachezaji. Menotti alieleza baadaye kwamba aliwaambia wachezaji wasiangalie jukwaa la wakubwa, waangalie watu kwenye majukwaa, mafundi, wachinjaji, madereva, wachezee hao. Luque kwa upande wake alikuja kusema kwamba kwa anayoyajua sasa hawezi kusema anajivunia ushindi ule. Namheshimu kwa kusema, ila naona deni hilo limedaiwa kwa mtu ambaye siye. Anayedaiwa ni aliyeweka saini, aliyelipa, aliyekagua nchi akasema iko tayari, na mhariri aliyetunga barua ya Krol.

Na kama kuna mtu anadhani mpira uliwaokoa majenerali: kwa muda, ndiyo. Mwaka uliofuata tume ya haki za binadamu ya mataifa ya Amerika ilipokuja Buenos Aires kusikiliza familia, Maradona na vijana wenzake walichukua ubingwa wa dunia wa vijana kule Japan, na Muñoz kwenye redio akawahimiza watu waende kushangilia kwenye barabara ileile ambapo familia zilikuwa zimepanga foleni kutoa taarifa za waliopotezwa. Washangiliaji wakapita kando ya foleni. Foleni haikuondoka. Ikaja vita ya visiwa vya Malvinas (Falklands) 1982, wakashindwa na Uingereza, Desemba 1983 Raúl Alfonsín, raia, akaapishwa kuwa rais, 1985 Videla na Massera wakahukumiwa kifungo cha maisha. Wakasamehewa na rais Menem 1990, kesi zikafunguliwa upya, na Videla akafia gerezani Mei 2013.

Tarehe 29 Juni 2008, miaka thelathini baadaye, palifanyika mechi ya kumbukumbu Monumental, wakaiita Fainali Nyingine. Luque akaenda, René Houseman akaenda, Ricardo Villa akaenda, wakaingia uwanjani pamoja na akina mama na picha za waliopotezwa. Wengine wa kikosi hawakutokea.

Mwezi uleule wa Juni 1978, kwenye hospitali ya jeshi, mfungwa mmoja kijana, Laura Carlotto, alijifungua mtoto wa kiume. Akakaa naye saa chache akachukuliwa, Agosti akauawa. Mama yake, Estela de Carlotto, aliongoza bibi wa Plaza de Mayo kumtafuta huyo mjukuu na wajukuu wengine mamia waliogawiwa kwa familia nyingine. Agosti 2014 mpiga piano mmoja wa mji wa Olavarría, aliyeanza kujishuku asili yake, akaenda mwenyewe kupimwa damu. Alikuwa mjukuu wa 114 kupatikana, ana miaka 36, umri uleule na kombe la Kempes.